Hesabu Vigae Kabla Hujapanda Bajaji

Sebule ilikuwa kama ukumbi wa harusi. Hivyo ndivyo nilivyoiona kwenye simu, saa mbili usiku, katika kundi la WhatsApp la nyumba za kupanga Dar es Salaam: vigae vinang'aa, jipsamu ina taa za mapambo, dirisha la aluminiamu limechukua nusu ya ukuta. Chini yake maneno yale yale ya siku zote: "Vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, inajitegemea, luku yako, maji saa 24, dakika 5 toka lami. Kodi laki 4, miezi 6. Sevisi chaji 20,000." Nikatuma ile elfu 20, kesho yake nikapanda bajaji hadi Tabata, nikakuta sebule ambayo ukiweka kochi la watu watatu mlango wa jikoni haufunguki.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Usiku nikaifungua tena ile picha, safari hii nikaanza kuhesabu vigae. Vilikuwa vya sentimita 40 kwa 40, vile vya kawaida vilivyojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Upande mmoja saba, upande wa pili vinane. Mita 2.8 kwa mita 3.2, yaani futi 9 kwa 10 na kidogo. Taarifa yote ilikuwa pale sakafuni, bure, kabla sijatoa senti, mimi nikawa nimekodolea macho taa za jipsamu. Chumba cha kulala nacho kina rula yake, nayo ni kitanda. Tano kwa sita ni karibu mita 1.5 kwa 1.8. Ukikiona kimenyooshwa mpaka kinafanana na mtumbwi, ujue aliyepiga alisimama kwenye kona, mgongo umegusa ukuta, akabonyeza 0.5.

Ile 0.5 ya simu ni lenzi pana mno, inayokaribia milimita 13 kwa vipimo vya kamera kubwa. Wapiga picha wa majengo wanaoijua kazi yao hawapendi kufika huko. Wengi hukaa kati ya milimita 16 na 24, kwa sababu ukishuka zaidi vitu vya pembeni vinavutika na vya katikati vinakimbilia mbali. Friji la pembeni linanenepa, dirisha la mbele linakuwa kama liko mtaa wa pili, na kijisebule cha vigae saba kinageuka uwanja.

Malalamiko kuhusu madalali na picha zao ni mengi, na karibu yote yanasema kitu kimoja: hawa watu hawana weledi, wapewe mafunzo. Mimi siamini. Dalali wa mjini ni mtu mwenye akili ya biashara kuliko wengi wetu tunaomlalamikia. Kama picha nzuri ingemlipa, angeshakuwa na kamera shingoni. Anapiga vile anavyopiga kwa sababu picha mbovu ndiyo inayomlisha.

Tupige hesabu. Dalali akifanikiwa kupangisha ile nyumba ya laki 4, anapata kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi anagawana na dalali mwenzake aliyemleta mteja. Hiyo inaweza kuja, inaweza isije, maana mwenye nyumba amewaambia madalali kumi kwa mpigo, na atakayewahi ndiye atakayekula. Lakini elfu 20 ya kukuonyesha nyumba inaingia leo leo. Wateja watano kwa siku ni laki moja mkononi, nyumba ipangishwe isipangishwe. Sasa mletee mtu huyu picha za kitaalamu, ramani ya vyumba yenye vipimo, na ziara ya mtandaoni ambayo mteja anaingia mlango hadi mlango kwa kidole. Wanne kati ya wale watano wataitembelea nyumba wakiwa wamelala kitandani kwao, watasema "jiko dogo hili," na hawatatoka. Umempunguzia elfu 80 kwa siku, halafu unashangaa hajakushukuru.

Kuna jambo la pili, nalo ni hofu ya kurukwa. Picha ya dalali haina geti, haina namba ya nyumba, haina kibao cha mtaa, na namba yake ya simu imeandikwa katikati kwa herufi nyekundu kama mhuri wa mahakama. Si ushamba huo. Anajua picha ikiingia kundini saa mbili, ifikapo saa tatu iko kwenye makundi mengine ishirini ikiwa na namba za watu wengine, na mteja mjanja akilitambua geti atakwenda kumgongea mwenye nyumba moja kwa moja. Katika soko la namna hiyo, nani atoe pesa yake kumlipa mpiga picha? Atakayefaidi ni jirani. Nairobi nako ukitafuta nyumba utakutana na mawakala wanaodai ada ya kuonyeshwa, na malalamiko ya wapangaji wa huko ukiyasoma unaweza kudhani yameandikwa Sinza.

Marekani, ambako biashara hii ya kupiga picha nyumba imekuwa ufundi kamili wenye mafundi wake, kilichotangulia hakikuwa kamera. Ulitangulia mkataba. Kwa kawaida anayeuza nyumba anasaini na wakala mmoja tu kwa muda maalumu. Wakala huyo halipwi mpaka nyumba iuzwe, wala hatozi mtu kwa kuja kuiangalia. Nyumba inaingia kwenye orodha ya pamoja ya mawakala, na kwa miaka mingi mwenzake aliyeleta mnunuzi alikuwa na fungu lake. Kwa mtu kama huyo, mteja anayekuja kuangalia halafu akaondoka bila kununua ni hasara ya nusu siku, ndiyo maana anamlipa mpiga picha kwa hiari. Sisi tumeleta droni za kupiga nyumba kutoka angani kabla ya mkataba.

Na hizo droni, kwa kweli, mimi zinanichosha. Zinataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ukishapata kibali chako na ukarusha, unachokiona ni bati. Nyumba ya milioni 40 na ya milioni 400 kutoka juu zote ni bati. Kiwanja cha ufukweni, sawa. Shamba la eka 20, sawa. Lakini nyumba ya vyumba vitatu Kimara, karatasi moja yenye mchoro wa vyumba na vipimo vya futi kwa mkono inaniambia mengi kuliko dakika tatu za kuelea angani kwa muziki.

Ufundi wenyewe upo, nimeuona kwa macho. Mwaka jana nilishinda asubuhi nzima na kijana mmoja aliyekuwa akipiga fleti Mikocheni. Alifika saa tatu, na kwa dakika arobaini za mwanzo hakugusa kamera. Aliondoa ndoo, kandambili, chaja, kalenda ya mwaka juzi, sabuni ya kipande iliyokwisha, akashusha kifuniko cha choo. Akazima taa zote. Nikamuuliza mbona anazima, wakati wenzake wote wanawasha hadi za kabatini. "Taa ya njano ukiichanganya na jua, kaka, ukuta mweupe unapata homa ya manjano." Kamera akaiweka kwenye stendi, kimo cha kifua, akahakikisha imelala sawa, kwa sababu ukiielekeza juu hata kidogo kuta zinaanguka kwa ndani kama hema. Kisha kila chumba akakipiga picha tano bila kuisogeza kamera: moja giza totoro, moja nyeupe pe, tatu katikati. Baadaye kompyuta inazichanganya, na hapo ndipo unapoona makochi ya ndani na mwembe wa nje kwa wakati mmoja, kama jicho linavyoona. Simu ikiachwa ijiamulie, mara nyingi unachagua: ama dirisha liwe shuka jeupe, ama sebule iwe pango.

Ikaja kamera ya nyuzi 360. Hii kamera inaona kote, na humo yumo pia aliyeileta. Kwa hiyo kila alipoisimamisha mahali, ilibidi sote tukimbie tukajifiche, yeye nyuma ya mlango na simu ya kubonyezea, mimi jikoni, mwenye nyumba kwenye ngazi. Anapiga, tunatoka, anaisogeza hatua mbili tatu, tunajificha tena. Watu wazima watatu, asubuhi nzima, tunacheza kombolela kwenye fleti. Katika kituo cha sita kiwiko changu kinaonekana.

Lakini ni katika mchezo huo nilipoelewa faida ya kitu hiki. Picha ya kawaida ni mali ya aliyepiga: yeye ndiye anayechagua nitazame wapi, na kona aliyoiacha siwezi kuidai. Kwenye nyuzi 360 uchaguzi unahamia kwangu. Naweza kuinua shingo nikatazama dari. Na darini pale, juu ya mlango wa masta, palikuwa na doa la maji, la rangi ya chai, ukubwa wa sinia. Mwenye nyumba akaliona kwenye skrini akataka lifutwe. Kijana akamwambia kwa adabu zote, "Mzee, ziba paa kwanza. Nitarudi kukipiga chumba hiki upya, sitakudai." Hiyo ni sentensi ya mtu anayejua kwamba jina lake litaandamana na ile picha.

Teknolojia yenyewe haina siri tena. Matterport, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 2011, ndiyo iliyoipa umaarufu ile aina ya ziara ambayo nyumba nzima inageuka mfano wa kompyuta, unaweza kuipima au kuitazama kutoka juu kama kijumba cha mwanasesere. Mwaka 2020, milango ilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, watu waliokuwa wakiiona kama mchezo wakaanza kuitegemea. Mwaka 2025 ikanunuliwa na CoStar, jitu la taarifa za majengo la Marekani. Ila huhitaji kufika huko. Kamera ndogo za nyuzi 360 za kuingia mfukoni zimekuwepo tangu Ricoh walipotoa Theta ya kwanza mwaka 2013. Kinachonisumbua mimi ni bando. Ziara inayokula bando la siku nzima kabla hujafika jikoni imetengenezwa kwa ajili ya kumfurahisha aliyeilipia. Anayetafuta nyumba ya laki 4 anatosheka na picha kumi na mbili safi na ule mchoro wa vipimo.

Hata hivyo, tuseme kila nyumba ya Dar imepigwa na yule kijana wa Mikocheni. Bado nisingemaliza, kwa sababu mengi yanayoamua kama utaishi mahali kwa amani hayako ndani ya kuta. Nyumba ile ya Tabata, ukiacha udogo wa sebule, ilikuwa na mstari wa kahawia kwenye ukuta wa nje, kimo cha goti, ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Nikamuuliza dalali ni nini. "Rangi ya chini hiyo, braza, ndiyo fasheni." Fasheni hiyo inafika na masika kila Machi hadi Mei, na wanaokaa kandokando ya bonde la Msimbazi wanaijua kwa jina lake. Katika tangazo kulikuwa na picha tisa, zote za ndani. Nimejiwekea kanuni tangu siku ile: nyumba isiyo na picha hata moja ya nje, kuna kitu nje.

Orodha ya vilivyoko nje unaijua. Simtanki lipo, je, maji yanalifikia? Chemba imejaa au imenyonywa juzi? Hizo dakika 5 toka lami ni za miguu au za bodaboda, na mvua ikinyesha ni ngapi? Baa ya jirani haionekani kwenye video iliyopigwa saa nne asubuhi, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza.

Na liko jambo ambalo hakuna lenzi inayoliona kabisa, nalo ni nani mwenye nyumba. Tembea mitaa ya Dar uone kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Mwenye ukuta huo hakuandika kwa kupenda kuchafua rangi yake. Picha nzuri imemrahisishia tapeli kazi, maana zamani ilibidi apate ufunguo, siku hizi anapata picha. Anazichukua za fleti ya Masaki inayopangishwa kwa usiku kwa dola, anazibandika kodi ya Kimara, anaomba kishika uchumba "kabla mtu mwingine hajawahi." Kuitafuta picha kwa Google Lens, inayokuonyesha imetokea wapi kwingine mtandaoni, kunachukua nusu dakika na kumewaokoa wengi. Kwa anayenunua, upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi hauna mbadala, hata ziara ya mtandaoni iwe tamu kiasi gani.

Sasa imekuja akili unde, na hapa ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi wa kweli. Kupanga samani za bandia kwenye chumba kitupu ni jambo dogo. Mnunuzi anajua makochi hayaji na nyumba. Lakini programu hizi hizi zinaotesha ukoka kwenye uwanja wa vumbi, zinaziba nyufa, zinang'oa nguzo ya umeme iliyosimama mbele ya dirisha. Nguzo ya Tanesco haing'olewi kwa kidole. California wametunga sheria, AB 723, iliyoanza kufanya kazi Januari 1, 2026: wakala akitangaza nyumba kwa picha iliyobadilishwa kidijitali lazima aseme kwamba imebadilishwa, na aiweke ile ya asili mtu aione. Uingereza walikuwa na sheria yao mahsusi dhidi ya kupotosha maelezo ya nyumba tangu mwaka 1991, wakaifuta mwaka 2013 kwa hoja kwamba sheria za jumla za kumlinda mlaji zinatosha. Nasi Tanzania tuna za jumla: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuuvunja mkataba ulioingia kwa kudanganywa. Ila nani anakwenda mahakamani kwa elfu 20? Dalali anajua, na wewe unajua kwamba anajua.

Anayeumia zaidi ni aliye mbali. Mimi nilipoteza asubuhi moja na nauli ya bajaji. Ndugu yetu aliyeko Muscat, London au Minnesota hana bajaji ya kupanda. Kwake yeye picha ndiyo ziara yenyewe. Zanzibar, ambako sheria ya mwaka 2010 ya nyumba za ghorofa za umiliki wa pamoja ilifungua mlango kwa wageni kununua fleti, nyingi zinauzwa zikiwa bado ni picha ya kompyuta, bahari ya samawati, minazi imesimama pale ambapo msanifu ameitaka. Hilo halina dosari likisemwa wazi. Hatari yake huanza pale mtu anapochukulia mchoro kuwa picha. Ushauri ninaowapa jamaa zangu walioko nje ni wa bei nafuu: usiombe video, omba kupigiwa simu ya video. Mwambie mtu wako aanzie barabarani, atembee, asikate, na akifika sebuleni ageuke polepole mzunguko mzima. Halafu mwambie arudi nje aoneshe upande ambao hakuonesha.

Kwa sababu hii yote sitegemei mabadiliko kutoka kwa dalali. Yatoke kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye pekee anayepoteza kila mwezi nyumba inapokaa tupu, na ambaye siku akikubali kumpa dalali mmoja nyumba yake kwa maandishi, kwa miezi miwili tu, atakuwa na haki ya kumwambia: hakuna kumtoza mtu kwa kuangalia, na picha nalipia mimi.

Jirani yetu mmoja hapa Sinza, mama mtu mzima, alianza peke yake bila kumsoma mtu yeyote. Nyumba yake ndogo ya uani ilikaa tupu miezi minne, watu wanaletwa makundi kwa makundi, wanapiga chafya, wanaondoka. Aprili akamwita mpwa wake na simu. Video moja, dakika sita, bila kukata: inaanzia lami, inapita dimbwi, inapita baa na spika zake mbili, inaingia getini, inafungua simtanki, inafunua chemba. Ndani kijana ana futi ya fundi, anapima ukuta huku anataja namba kwa sauti. Chini mama akaandika mwenyewe: "Baa ipo. Ijumaa na Jumamosi mpaka saa saba usiku. Asiyeweza asije." Walipiga simu watu wengi, wakaja wawili. Wa pili ni muuguzi wa zamu za usiku. Ijumaa saa saba yuko wodini. Akalipa miezi sita.

Wiki iliyofuata alikuja dalali wa mtaani kwetu kumwamkia. "Shikamoo mama. Ile video yako naiomba, nzuri sana." Marahaba, chukua baba, nyumba yenyewe imeshapata mtu. Akaichukua. Akakata dakika mbili za mwanzo, akaandika namba yake katikati kwa nyekundu. Muuguzi amehamia tangu Mei, na video bado inazunguka kwenye makundi, sevisi chaji 20,000.